Kulegeza ngozi ya kichwa mbele ya grefi ya pili ya nywele

Leo siongee mozaiki ya mihogo wala mbolea. Nitaongea kichwa. Mutaniuliza: agronomo anatafuta nini mu kichwa cha watu? Mungoje kidogo, mutaona kama hii mambo iko karibu na shamba kuliko munavyowaza.

Tuanze na jina. Watu wanasema «grefi ya nywele». Kwetu sisi wa shamba, grefi ni kukata jicho la avoka nzuri na kulifunga juu ya shina la avoka ingine mpaka viungane. Nywele haifanywe vile. Munganga anachukua nywele pamoja na muzizi wake na kipande kidogo cha ngozi yenye inauzunguka, kisha anaenda kuipanda fasi ingine ya kichwa kilekile. Ile si grefi, ni repikaji: kutoa kahawa mu pepinyeri na donge lake la udongo, na kuipeleka shambani. Na pepinyeri ya kichwa iko na shida moja kubwa: hakuna mbegu mupya. Kile umetoa hakioti tena pale ulikitoa.

Nimeingia mu hii habari sababu ya yaya wangu. Iko Bruxelles tangu zamani. Mu 2017 alifanya grefi ya kwanza mu kliniki moja ya Ulaya, ikatoka muzuri, mbele ya kichwa ikajaa. Lakini upara haukusimama. Ukaendelea kula nyuma ya zile nywele zenye walipanda, hata akabaki na kisiwa mbele na kiwanja nyuma yake. Akarudi kuomba grefi ya pili. Munganga akamushika kichwa, akasukuma ngozi huku na huku, akamwambia: ngozi imekaza sana, enda ufanye mazoezi ya kuilegeza kwa wiki saba ao nane, kisha urudi tupime. Yaya akanipigia simu akicheka, lakini ni kicheko cha mutu mwenye amekwisha kuweka pesa pembeni. «Mudogo wangu, wewe ulisoma mambo ya mizizi. Hawa watu wananichezea? Kusugua kichwa kunaweza kubadilisha nini?»

Hawamuchezee. Lakini jibu iko na pande mbili, na ule upande wa pili njo watu wengi hawaambiwe.

Tuone kwanza sababu gani nywele inaweza kuhamishwa. Mu 1942 Mumarekani James Hamilton alionyesha kama upara wa wanaume unategemea homoni za kiume: mwanaume mwenye hakuzipata tangu utoto hapati ule upara. Homoni zinapita mu damu ya kichwa kizima, lakini mizizi ya juu na ya mbele njo inazisikia vibaya. Inapunguka mwaka kwa mwaka, nywele inakuwa nyembamba, mwisho inakuwa manyoya tu. Mizizi ya nyuma, kutoka sikio moja mpaka ingine, haijali. Ndiyo maana wazee wetu wenye upara wanabakia na ule mukanda wa nyuma mpaka siku ya kuzikwa. Mu Japani, daktari Okuda alichapisha tangu 1939 namna ya kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, lakini vita ilifunika kazi yake. Mu New York, Norman Orentreich alianza mu 1952 na akaeleza kanuni yenye inaongoza kazi yote mpaka leo: nywele ya nyuma, ukiipeleka mbele, inaendelea kuishi sawa vile ilikuwa inaishi nyuma. Haibadilishi tabia sababu imehama fasi. (Sisi wa shamba tunajua mimea mingi yenye haina ule uaminifu.)

Kwa hiyo ule mukanda wa nyuma njo pepinyeri. Na iko na hesabu. Nywele hazioti moja moja, zinaota kwa vifungu vya moja mpaka nne, kwa wastani kama mbili. Mu santimetre moja ya mraba ya nyuma ya kichwa munaweza kuwa vifungu 60 mpaka 80. Kwa watu weusi mara nyingi ni upande wa chini wa ile hesabu, ingawa nywele yetu ikijikunja inafunika fasi kubwa kuliko nywele yenye kunyooka. Ile ni faida yetu.

Kuna njia mbili za kutoa mimea mu ile pepinyeri. Ya kwanza: munganga anakata ukanda murefu wa ngozi nyuma ya kichwa, anashona, na ule ukanda unagawanywa chini ya mikroskopu kifungu kwa kifungu. Ya pili: anatoboa na kichuma cha mviringo chenye upana wa kama milimetre moja, anatoa kifungu kimoja kimoja, bila kukata ukanda. Ile ya pili njo inafanywa sana Istanbul, kule wafanyabiashara wetu wanaenda kutafuta nguo na viatu. Leo wengine wanarudi na kitambaa mu kichwa pamoja na mabalo. Inaacha madoa madogo badala ya mustari mumoja. Lakini kwa nywele zetu kuna tatizo: muzizi wetu haujikunji tu juu ya ngozi, unapinda hata chini yake. Kichuma kinashuka sawasawa, muzizi unaenda pembeni, unakatwa. Kuna waganga wenye wanajua kufuata ule mupindo, lakini inaomba mukono wenye uzoefu. Ndiyo maana kwa watu weusi wamoja ukanda unabakia na nafasi yake: chini ya mikroskopu unaona muzizi unavyopinda na unaufuata. Yaya alifanya ukanda mara ya kwanza, na mara ya pili pia wanataka ukanda.

Sasa, mambo ya kukaza.

Ngozi ya kichwa haifanane na ya mukono. Iko na safu tano. Juu kabisa ngozi yenyewe, mwenye kubeba mizizi. Chini yake safu ngumu yenye mafuta na mishipa ya damu. Kisha kitambaa kigumu sawa turubai, chenye kinaunganisha musuli wa paji la uso na musuli wa nyuma ya kichwa. Waganga wanakiita galea. Chini ya galea kuna safu laini, nyepesi, karibu sawa utando wa buibui. Mwisho, ngozi nyembamba yenye kushikana na mufupa. Ile safu ya nne, ya utando, njo inaacha kichwa kitembee: weka kiganja juu ya kichwa chako sasa, sukuma, utasikia safu tatu za juu zinaenda pamoja juu ya mufupa. Kwa mutu mumoja zinaenda sana, kwa mwingine kidogo tu. Kwa hiyo «kulegea» ni vitu viwili vyenye watu wanachanganya: kuteleza kwa ngozi juu ya mufupa, na kuvutika kwa ngozi yenyewe. Munganga anahitaji vyote viwili.

Ukitoa ukanda wa santimetre moja ao moja na nusu na kushona, ile nafasi inajazwa na nini? Hakuna ngozi mupya yenye inashuka toka mbinguni. Ngozi ya juu inavutwa kushuka, ya shingo inavutwa kupanda, zinakutana pa mustari wa kovu. Kila kitu kimetumia akiba yake ya kuvutika. Zaidi ya hiyo, pale chini ya kovu utando mulaini umeshikana na safu zingine. Kovu halijui safu, linagandisha zote pamoja. Njo maana mara ya pili ngozi iko fupi na hapohapo imegandana. Miezi inapopita inalegea tena pole pole yenyewe, na waganga wengi wanaomba kungoja miezi nane mpaka kumi na miwili kati ya ukanda na ukanda. Lakini kwa wengine hata miaka ikipita haitoshi.

Na wakilazimisha? Hapa njo pesa na kichwa vyote vinaweza kupotea. Ukikata ukanda mupana mu ngozi yenye imekaza, unashona pembe mbili zenye kuvutana kila mumoja kwake. Mishipa midogo ya damu inabanwa, na pembe za kidonda zinakosa damu. Nywele za pembeni zinaweza kuanguka, mara ingine zinarudi, mara ingine hapana. Ikiwa mubaya zaidi, kipande cha ngozi kinakufa na kuacha fasi yenye haitaota kitu. Na hata kidonda kikipona bila taabu, kovu lenye linavutwa kila siku linapanuka. Kovu la milimetre moja ao mbili, nywele inalifunika hata ukinyoa fupi kidogo. Kovu la milimetre sita, kila kinyozi ataliona, na kila mutu nyuma yako mu misa. Nyuma ya masikio njo kunakaza kuliko fasi zote. Munganga mwenye akili anapunguza upana wa ukanda anapofika pale.

Kwa hiyo wanapima. Wamoja wanatumia mikono tu na uzoefu. Lakini kuna njia moja rahisi yenye Mayer na Pauls walitoa mu 2005, nayo inanifurahisha sababu inaomba rula tu. Unachora mistari miwili nyuma ya kichwa, mumoja juu na mumoja chini, kati yake milimetre 50. Unasukuma ile mistari ikaribiane na vidole gumba mpaka pale ngozi inakataa, unapima umbali wenye umebakia. Unatoa ile hesabu ku 50, unagawanya kwa 50, unazidisha kwa 100. Yaya walimupima: ikabakia milimetre 42. Yaani 8 juu ya 50, asilimia 16. Kuna pia kifaa chenye Parsa Mohebi wa Los Angeles alitengeneza kwa kazi ileile, lakini rula inatosha kwa kuelewa.

Sasa niwaonyeshe sababu gani milimetre chache zinabadilisha kila kitu, sababu yaya hakuamini mpaka nilimuandikia hesabu. Ni mufano wangu, si ordonansi ya munganga. Kwa ukanda wa pili, wanakata pamoja na kovu la zamani, ili mutu abakie na kovu moja badala ya mbili. Muzuri kabisa. Lakini kovu halina nywele. Tuseme kovu la zamani liko na milimetre 3, na ukanda ni murefu santimetre 22. Kama ngozi inaruhusu upana wa milimetre 7, unatoa 3 za kovu, unabakia na 4 zenye nywele: santimetre za mraba 8,8. Kwa vifungu 60 kila santimetre, ni vifungu 528. Kama ngozi inaruhusu milimetre 12, unatoa 3 zilezile, unabakia na 9: santimetre za mraba 19,8, vifungu 1 188. Upana haujafika hata mara mbili, lakini mavuno yamepita mara mbili, sababu kovu linakula kipimo kilekile kila mara, sawa muzungu wa ushuru mwenye hajali kama umevuna kidogo ao kingi. Na ukipanda vifungu 35 kwa santimetre, 528 zinafunika fasi ya santimetre 15 za mraba, karibu upana wa vidole vitatu. 1 188 zinafunika 34. Operasio ni ileile, kidonda ni kilekile, tiketi ya treni ni ileile.

Ile tofauti ya milimetre tano njo mazoezi yanatafuta.

Namna yanafanywa, vile yaya alionyeshwa na vile waganga wengi wanaeleza: unakaa, unainua viwiko, unafunga vidole vya mikono miwili nyuma ya kichwa, viganja vinalala juu ya fasi yenye watakata. Unakandamiza mpaka usikie mufupa. Pale kuna siri moja: mikono haipaswi kuteleza juu ya nywele. Kama inateleza, unasugua nywele, haulegeze kitu; unazivunja tu. Viganja na ngozi vinaenda pamoja, mufupa njo unabakia. Unasukuma juu mpaka mwisho, unashika sekonde moja ao mbili, unashusha mpaka mwisho, unashika tena. Kisha unaweka mukono mumoja juu ya kovu na mwingine chini yake, unasukuma ngozi ikaribiane mpaka inakunjamana, unaachilia. Halafu unahamia pembeni, juu na nyuma ya masikio, kule watu wanasahau sababu viganja havikai muzuri. Bila mafuta, sababu yanaleta kuteleza. Bila kucha. Dakika kumi mpaka makumi mbili kwa siku, zikigawanywa mara mbili ao tatu, kwa wiki nne mpaka nane. Yaya anasema mikono ndiyo inachoka mbele ya kichwa. Anafanya asubuhi mbele ya kazi, na usiku akitazama mupira. Mu tramu alijaribu mara moja, mama mumoja akamuuliza kama kichwa kinamuuma.

Ni nini inatokea mule ndani? Ngozi inajengwa na nyuzi za kolajeni, na zikipumzika ziko zimejikunja sawa kamba yenye umetupa chini. Ukivuta kidogo, zinanyooka; ukiachilia, zinarudi. Ile ni kuvutika kwa mupira, haibakie. Lakini ukivuta mara nyingi ao muda murefu, maji yenye iko kati ya nyuzi inasogea, nyuzi zinajipanga upande wa kuvuta, na ngozi inakubali kuwa ndefu kidogo bila kurudi yote mara moja. Hapohapo, kule chini, kutembeza ngozi juu ya mufupa kunalegeza pole pole pale kovu liligandisha utando. Mutu mwenye amefungwa mukono mu plasta anajua: siku plasta inatoka, kiwiko hakikunjami, na ni kutembeza kila siku ndiko kunakifungua.

Kuna kuvutika kwa tatu, kwa miezi na nguvu kubwa, kule ngozi inatengeneza chembe mupya kabisa; tumbo la mama mwenye mimba ni mufano wenye kila mutu anaujua. Mazoezi ya mikono hayafike pale. Watu walishajaribu kwenda mbali zaidi. Mu 1977 Blanchard na Blanchard walitangaza namna ya kukata upara wenyewe na kushona pembe zenye nywele, na ile ilifanywa sana miaka ya 1980. Mu Paris, Patrick Frechet akatengeneza kipande cha silikoni chenye kulabu, kinawekwa chini ya ngozi karibu mwezi muzima ili kiivute, kisha wanakata. Ilivuta kweli. Lakini kwa wengi waliokatwa upara, ngozi ilirudi nyuma pole pole na upara ukajifungua tena, na ile njia imeachwa karibu yote. Nawaambia hii sababu inaonyesha tabia ya ngozi: inakumbuka. Njo maana mazoezi yanafanywa karibu na tarehe ya operasio na hayaachwe mwezi mbele. Kulegea kwenye umepata mu wiki saba kunaweza kupunguka ukikaa bure. Mutu mwenye amefanya mazoezi Januari kwa operasio ya Juni amefanya sporti ya mikono.

Bon, na upande wa pili wa jibu.

Mazoezi yanaongeza ngozi yenye inaweza kukatwa. Hayaongeze nywele hata moja. Hapa njo nilimukatia yaya furaha kidogo. Pepinyeri yenye mimea elfu tano, ukipanua kitanda chake, bado iko na mimea elfu tano, imesambaa tu. Ngozi ya nyuma iliyovutwa baada ya ukanda wa kwanza tayari iko na nywele chache kwa santimetre kuliko ilivyokuwa mbele, sababu ngozi kidogo imefunika kichwa kilekile. Ukivuta tena kwa ukanda wa pili, zinatawanyika tena. Kuna siku ngozi italegea muzuri, rula itasema ndiyo, na nywele za nyuma zitakuwa chache mpaka kovu litaonekana hata likiwa jembamba. Kwa hiyo munganga mwenye anapima kulegea bila kuhesabu nywele anapima nusu. Anapaswa kunyoa kifasi kidogo, kutazama na lensi, kuhesabu vifungu mu santimetre, na kuona kama nywele zenyewe zingali nene ao zimeanza kupunguka. Mutu anaweza kupoteza nywele hata mu ule mukanda wa nyuma, na ukipanda mbele nywele yenye itakufa, umehamisha upara tu.

Wamoja watasema: lakini kukanda kichwa kunaotesha nywele, tumesoma. Kuna utafiti mudogo wa Japani wa 2016 wenye unatajwa kila fasi. Wanaume 9 wenye afya, dakika 4 kwa siku na mashini ya kukanda, wiki 24. Nywele zao zilipata unene kidogo, toka milimetre 0,085 mpaka 0,092. Unene, si wingi, na kwa watu tisa. Sio sababu ya kuchanganya na mazoezi ya kulegeza. Yale iko na kazi ingine na yanafanywa na nguvu ingine. Mwenye anawauzia kofia ya kukanda kwa kuotesha upara, anawauzia kofia.

Jambo lingine lenye lilinishangaza: kulegea sana si baraka. Kuna watu ngozi yao inavutika sawa mupira tangu kuzaliwa, na viungo vya vidole vinapinda mpaka nyuma. Kwa wale kukata ni rahisi, kushona ni rahisi, na kovu linapanuka baadaye hata hakuna kilicholivuta, sababu kolajeni yao haishiki. Mwenye anajijua vile amwambie munganga mbele, na asikimbilie mazoezi. Pia kwetu watu weusi, keloidi. Kama uko na kovu lenye liliota sawa kidole mu kifua, mu sikio ao nyuma ya shingo pa kunyoa, hii sio habari ya kuficha siku ya konsultasio. Mazoezi hayazuie keloidi.

Nani asifanye mazoezi? Mwenye kidonda chake bado kichanga; kuvuta kovu lenye halijakomaa ni kulipanua kwa mikono yako mwenyewe. Mwenye vidonda ao vipele mu kichwa, angoje vipone. Maumivu ya musuli siku za kwanza ni kawaida, sawa mutu mwenye amelima kisha likizo ndefu. Lakini maumivu yenye kupiga sawa umeme toka shingo mpaka juu ya kichwa, yanatoka ku mushipa wa neva, na pale unasimamisha na kuuliza munganga. Yaya alisikia ganzi juu ya kovu tangu 2017; ile ni ya kukata neva ndogo mara ya kwanza, si ya mazoezi.

Kisha wiki saba walimupima tena. Milimetre 38. Ni 12 juu ya 50, asilimia 24. Munganga alikubali ukanda, lakini mwembamba kuliko ule yaya aliota, na alimwambia wazi kama hakutakuwa wa tatu. Akamuuliza pia kama anakunywa finasteride, dawa yenye ilikubaliwa Marekani kwa upara wa wanaume mu 1997, sababu kupanda bila kulinda zile zenye zimebakia ni kulima mbele ya ng'ombe. Iko na madhara yake kwa wanaume wamoja, na wanaongea yao wawili. Mimi nilimuuliza swali la tatu lenye hakulipenda: vifungu elfu moja, utaviweka wapi? Kujaza kiwanja chote nyuma ya kisiwa haiwezekani. Wanaweza kuunganisha kisiwa na pembeni ili mbele ikae ya kawaida, na juu kabisa kubakie wazi, sawa mwanaume wa miaka makumi ine. Ao kutawanya kila fasi na kupata kichwa chenye kinaonekana chembamba kila fasi. Alichagua ya kwanza.

Na kwa yule mwenye amefanya wiki nane na rula haijasogea? Inatokea. Kuna vichwa vyenye galea yao iko sawa ngoma, na mikono haitaibadilisha. Kwake ukanda umeisha, lakini pepinyeri haijafungwa lazima: kichuma cha kutoboa hakiombe ngozi yenye kulegea, kinaomba vifungu vyenye vimebakia na mukono wenye unajua kufuata muzizi wenye kupinda. Wamoja wanachanganya, ukanda mwembamba pamoja na kutoboa kidogo. Wengine wanatoboa vifungu mia moja ao mbili tu na kuvipanda ndani ya kovu lenyewe, ili angalau nyuma kuwe salama mbele ya kinyozi. Kovu lina damu kidogo, kwa hiyo zote hazishiki, na wanapanda mbalimbali, sawa tunavyofanya mu udongo wenye umechoka. Na kuna mashini ya kinyozi, namba sifuri, yenye haiombe konsultasio.